Bangi inanenepesha au inakondesha? Njaa ni jambo moja, kilo ni jambo lingine

Simama kwenye steji yoyote ya bodaboda hapa Kisumu uulize bangi inaufanya nini mwili. Utapewa majibu mawili yanayopingana, na kila mmoja ana ushahidi wake mkononi. Wa kwanza atakuambia inakondesha: si unamwona yule kijana wa Nyalenda, mashavu yamebonyea, suruali imefungwa kwa kamba? Wa pili atakuambia inanenepesha, maana mvutaji stimu zikishampanda anamaliza sufuria ya ugali iliyopikiwa watu watatu. Na tangu kampeni za mwaka 2022, Profesa George Wajackoyah alipozunguka nchi akiwania urais na kuahidi kuhalalisha bangi, madai mapya yameingia kwenye mazungumzo: kwamba inachoma mafuta, kwamba inatibu kisukari, kwamba mvutaji hapati kitambi.

Ubishi hauishi kwa sababu pande zote mbili zimeona kitu cha kweli. Kinachotupoteza ni kuchanganya njaa na uzito. Njaa ni ya saa moja au mbili. Uzito ni hesabu ya miezi na miaka. Bangi inaigusa njaa moja kwa moja, na jinsi inavyofanya hivyo sasa inajulikana vizuri. Uzito inaufikia kwa njia za kuzunguka, na njiani inakutana na mambo mengine mengi.

Tukubaliane kwanza tunazungumzia nini. Bangi, au njaga kama wanavyoiita wengi hapa, ni mmea wenye kemikali zaidi ya mia moja za jamii yake. Mbili ndizo zinazotajwa sana. THC ndiyo inayoleta stimu, na ndiyo hiyo hiyo inayoleta njaa. CBD haileti stimu na haina tabia hiyo ya kumsukuma mtu jikoni. Mtu anaposema bangi inaleta njaa, basi, anazungumzia THC.

THC ilitenganishwa na kutambuliwa mwaka 1964 na wanasayansi Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni kule Israeli. Likabaki swali kubwa: kwa nini ubongo wa binadamu unaitikia kemikali ya mmea? Jibu lilianza kupatikana mwaka 1990, kipokezi kinachoitwa CB1 kilipochorwa muundo wake. Kipokezi ni sehemu juu ya chembe ya mwili inayopokea ujumbe wa kikemikali. Miaka miwili baadaye, 1992, ikagunduliwa kwamba mwili wenyewe hutengeneza kemikali inayotumia kipokezi hicho. Iliitwa anandamaidi, na baadaye zikapatikana nyingine za aina yake. Kumbe mfumo huu ulikuwamo mwilini tangu mwanzo, na mojawapo ya kazi zake ni kusimamia kula.

Chukua matatu inayotoka Kondele kwenda mjini. Dereva haoni kinachoendelea mlangoni, anamtegemea makanga agonge bodi. Ubongo nao haulioni tumbo, unategemea ishara. Nguvu za mwili zikipungua, anandamaidi na wenzake wanagonga kwenye CB1, na ujumbe wao ni mmoja: tafuta chakula. Ukishakula wanatulia. THC ni mtu asiye wa gari hilo, amesimama pembeni na kugonga bodi ile ile, kwa nguvu zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Dereva hana namna ya kujua kwamba aliyegonga si makanga wake. Anaondoa gari. Ndiyo maana mtu aliyekula ugali na samaki saa moja jioni anaweza kuvuta saa mbili na kuhisi njaa ya kweli kabisa, wakati tumbo bado limejaa.

Tena hili halifanyiki mahali pamoja tu. Mwaka 2014 watafiti walionyesha kwamba kwenye panya, vipokezi vya CB1 katika sehemu ya ubongo inayoshughulikia harufu vikiamshwa, mnyama hunusa kwa ukali zaidi na kula zaidi. Mwaka uliofuata kundi la Tamas Horvath wa Chuo Kikuu cha Yale lilikuta jambo la kushangaza zaidi, nalo kwenye panya: chembe za ubongo ambazo kwa kawaida husema "nimeshiba" zilikuwa zikifanya kazi kwa bidii, ila zilibadilisha ujumbe. Badala ya kemikali ya shibe zikawa zinatoa endofini, kemikali ya raha, na mnyama akaendelea kula. Breki yenyewe iligeuka kuwa kanyagio la mafuta.

Sasa tazama kinacholiwa. Pita Kondele saa nne usiku, kwenye meza za chapati kando ya barabara. Vijana wawili wanafika, macho mekundu, sauti za taratibu. Chapati mbili mbili na madondo. Wanamaliza, lakini hawaondoki. Mmoja anarudi kwa mama kuchukua mandazi mawili, mwenzake anaongeza smokie na kachumbari, kisha soda, kisha biskuti za shilingi kumi pale dukani. Hakuna anayeulizia sukuma wiki. Mwaka 1988, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Marekani waliwaweka wanaume kadhaa wa kujitolea ndani ya maabara kwa siku 13, wakila na kulala humo, na kuhesabu kila walichokula. Siku za kuvuta bangi yenye THC, kalori zao za siku zilipanda kwa asilimia 40. Nyongeza hiyo haikutoka kwenye milo mikubwa. Ilitoka kwenye vitafunio vya katikati, hasa vitamu.

Piga hesabu hiyo kwa chakula chetu. Mandazi mawili na soda ya mililita 300 ni kama kalori 500. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni takriban kalori 7,700. Mtu akiongeza kalori 500 kila usiku bila kupunguza kitu kingine, kwenye karatasi ataongeza kilo moja kwa muda unaozidi wiki mbili kidogo tu. Kwa hesabu hiyo mvutaji wa kila siku angekuwa mnene kupindukia baada ya mwaka.

Lakini tafiti za watu wengi zinaonyesha sivyo, na hapa ndipo madai ya "bangi inachoma mafuta" yalipozaliwa. Mwaka 2011, Yann Le Strat na Bernard Le Foll walichapisha uchambuzi wa dodoso mbili kubwa za Marekani, jumla ya watu zaidi ya 50,000. Katika ile ya kwanza, asilimia 22 ya wasiotumia bangi walikuwa na unene uliopindukia. Miongoni mwa waliotumia siku tatu au zaidi kwa wiki, walikuwa asilimia 14.3. Katika ya pili ilikuwa asilimia 25.3 dhidi ya 17.2. Mwaka 2013 utafiti mwingine wa Wamarekani 4,657 ukakuta watumiaji wana viuno vyembamba kidogo, na kiwango chao cha insulini, homoni ya kushusha sukari ya damu, kilikuwa chini kwa asilimia 16 kabla ya kula, dalili inayohesabiwa kuwa nzuri. Magazeti yakashangilia.

Soma takwimu hizo pamoja na utafiti mwingine, uliowafuata Wamarekani zaidi ya 3,600 kwa miaka 15 na kuchapishwa 2006. Waliokuwa wamevuta sana katika miaka hiyo walisema wanakula kalori 3,365 kwa siku. Wasiowahi kuvuta, 2,746. Tofauti ya kalori 600 na ushee kila siku! Na uzito wao ukilinganishwa na kimo? Haukutofautiana. Kwa hiyo tuna watu wanaokula zaidi, wenye uzito sawa na wenzao au pungufu. Hilo ndilo fumbo halisi, na mtu anayekuambia kwa uhakika kwamba limeshafumbuliwa anakuuzia kitu.

Kuna maelezo kadhaa, na mimi naona mengi yanafanya kazi kwa pamoja. La kwanza ni la kibaiolojia. Yule mgonga bodi akigonga kutwa kucha, dereva huacha kumsikiliza. Picha za ubongo za watu wanaovuta kila siku, zilizochapishwa 2012, zilionyesha vipokezi vya CB1 vimepungua kwa kiasi cha asilimia 20 katika baadhi ya sehemu za ubongo, na vilirudi karibu na kawaida baada ya wiki nne hivi bila kuvuta. CB1 vipo pia kwenye ini na kwenye chembe za mafuta, ambako husaidia kuweka akiba. Vikipungua, kuna wanasayansi wanaoamini kwamba mwili huweka akiba kidogo kuliko kawaida. Maelezo haya yanaingia akilini. Lakini ni dhana inayoendelea kupimwa, na kuivuta mpaka iwe "dawa ya kitambi" ni kuiongezea maneno.

La pili ni kwamba dodoso nyingi hupima watu mara moja tu, na watu wanaovuta hawafanani na wasiovuta. Wengi ni vijana, wengi ni wanaume. Watafiti hujitahidi kurekebisha tofauti hizo kwa hesabu, ila hawawezi kurekebisha wasichokipima. Mtu mnene aliyegunduliwa na presha na kuonywa na daktari huenda aliacha bangi, sigara na pombe kwa mkupuo. Anahesabiwa kama asiyevuta, na kilo zake zinahesabiwa upande huo.

La tatu ndilo ninalotaka tukae nalo, kwa sababu ndilo la huku kwetu. Kijana wa Nyalenda tuliyeanza naye havuti bangi peke yake. Mara nyingi msokoto umechanganywa na tumbaku, au sigara inafuata papo hapo. Mchana kutwa anatafuna muguka. Jioni kuna chang'aa. Nikotini inapunguza hamu ya kula na kuufanya mwili uchome nguvu kidogo zaidi. Muguka na miraa zina kathinoni, kemikali inayoua njaa kwa saa nyingi. Yeyote aliyekaa na watafunaji anajua wanavyoweza kufika usiku bila kula chochote isipokuwa soda na njugu. Pombe ya bei rahisi inachukua nafasi ya chakula, tena inachukua pesa ya chakula. Ongeza kazi ya mkokoteni au ya mjengo, ongeza kulala kwa shida. Mwisho wa mwaka amekonda, na lawama yote anabebeshwa mmea mmoja. Hata ile njaa ya bangi, ili igeuke kilo, inahitaji chakula kiwepo. Kule Marekani mvutaji anafungua friji. Hapa anaweza kulala na njaa yake.

Kwa hiyo takwimu za Marekani haziwezi kuchukuliwa zilivyo na kubandikwa mitaa yetu ya Manyatta au Obunga. Kuna jambo la kuonya zaidi. Kuwa na kilo chache hakumaanishi afya bora ndani. Mwaka 2013 watafiti walipowapima watu 30 wanaovuta kila mara na kuwalinganisha na wengine 30 wa umri na uzito unaofanana, waliovuta walikuwa na sehemu kubwa zaidi ya mafuta yao ndani ya tumbo, kuzunguka viungo. Hayo ndiyo mafuta mabaya kwa moyo na kwa sukari. Mwaka 2015 ule ule mradi wa Marekani uliotoa hesabu za kalori mwaka 2006 uliripoti kwamba watumiaji wa bangi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na sukari iliyoanza kupanda, hatua ya kabla ya kisukari. Linganisha na ile insulini iliyokuwa chini mwaka 2013. Ushahidi unaovutana hivi hautoshi kumwambia mgonjwa wa kisukari aweke kando metformini yake, na nimesikia watu wakiambiwa hivyo, hata ndani ya familia. Inaumiza, kwa sababu kisukari kisichotibiwa hakingoji: macho, figo na miguu ndivyo vinavyolipa.

Tuje kwa dawa za hospitali, kwa kuwa wengi husema "mbona wazungu wanaitumia kama dawa?" Ni kweli. Dronabinoli ni THC iliyotengenezwa maabara. Marekani iliiruhusu mwaka 1985 kwa kichefuchefu cha wagonjwa wa saratani, na mwaka 1992 kwa wagonjwa wa Ukimwi waliopoteza hamu ya kula na kukonda. Sisi wa Nyanza hatuhitaji kuelezwa kukonda kule kulikuwaje. Kila boma lina kaburi la miaka hiyo. Jaribio kuu la dawa hiyo kwa wagonjwa wa Ukimwi lilionyesha hamu ya kula ilipanda waziwazi. Na kilo? Waliopewa dawa walibaki na uzito ule ule, wakati waliopewa kidonge kisicho na dawa walipungua kidogo. Mwaka 2002 ililinganishwa na dawa nyingine ya kuongeza hamu, megestroli, kwa wagonjwa 469 wa saratani. Walioongeza uzito kwa asilimia 10 au zaidi walikuwa 11 kwa kila 100 upande wa megestroli, na 3 tu upande wa dronabinoli. Njaa ilikuja, kilo hazikuja. Kilichowarudishia watu wetu miili yao ni ARV.

Upande wa pili pia ulijaribiwa. Kama kuamsha CB1 kunaleta njaa, kwa nini usivizibe watu wapungue? Dawa ya rimonabanti ilifanya hivyo hasa, ikaanza kuuzwa Ulaya mwaka 2006. Watu walipungua. Lakini CB1 hivyo hivyo ndivyo vinavyoshiriki katika kutuliza moyo na kuleta raha, na baadhi ya watumiaji walianza kupata sonona na mawazo ya kujiua. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilipendekeza isimamishwe, na mapema 2009 ikaondolewa kabisa. Marekani haikuwahi kuiruhusu. Historia hii inafaa ikumbukwe na kila anayesema mfumo huu unaweza kuchezewa bila gharama.

Wanaoacha bangi nao wana swali lao: mbona nimeacha na ndiyo kwanza nakonda? Ni kawaida. Mtu aliyezoea kuvuta kila siku akiacha ghafla, hamu ya kula inapotea, usingizi unakatika, hasira zinakuwa karibu. Huanza ndani ya siku moja au mbili, hufikia kilele katika wiki ya kwanza, na kwa wengi hutulia baada ya wiki mbili hivi. Mama anayeona mwanawe ameacha na sasa hataki kula, asifikiri kwamba bangi ndiyo iliyokuwa ikimlisha na kumwambia arudie. Ampe uji, matunda, supu ya omena, kidogo kidogo, na asubiri vipokezi virudi.

Wapo pia wavutaji wa miaka mingi wanaokonda kwa sababu ya kutapika. Hali hii ilielezwa mara ya kwanza mwaka 2004 na madaktari wa Australia: maumivu ya tumbo na kutapika kunakorudi kila baada ya muda, na mgonjwa anapata nafuu akioga maji moto, mpaka anashinda bafuni. Wengi hutibiwa vidonda vya tumbo au malaria mara nyingi kabla mtu hajauliza kuhusu bangi. Huisha kwa kuacha.

Wajawazito wanaoshauriwa wavute kidogo ili kichefuchefu kipungue na wapate kula, wasikubali. Matumizi ya bangi wakati wa ujauzito yanahusishwa na kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo, na kilo za mtoto huyo ndizo zenye uzito kuliko zote tulizotaja hapa. Kliniki ya wajawazito ina dawa salama za kichefuchefu.

Utafiti wa NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, wa mwaka 2022 ulikadiria kwamba Mkenya 1 kati ya 53 wa miaka 15 hadi 65 anatumia bangi, ingawa sheria ya mwaka 1994 bado inaikataza. Maana yake karibu kila ukoo una mtu wake. Na ndiyo sababu jibu la "amekonda kwa bangi" linanitia hofu kuliko madai mengine yote: likishatamkwa, watu huacha kutafuta. Katika kaunti zetu, kijana anayekonda anaweza kuwa na kifua kikuu. Kikohozi kinachozidi wiki mbili kinasemwa ni cha moshi, jasho la usiku linasemwa ni la stimu, na kumbe ni TB inayowaambukiza wote wanaolala chumba kimoja. Anaweza kuwa na virusi vya Ukimwi bila kujua. Anaweza kuwa na kisukari cha vijana, kile kinachokuja na kiu isiyoisha na kukojoa mara kwa mara. Makohozi yanapimwa bila malipo kwenye hospitali za umma, dawa za TB ni za bure, na kipimo cha HIV vilevile.

Akifika kwa daktari aseme ukweli wote: anavuta kiasi gani, tangu lini, anachanganya na nini, muguka anatafuna siku ngapi kwa wiki. Daktari anauliza ili asikose ugonjwa. Na kabla ya kufika huko kuna kipimo rahisi ambacho familia yoyote inaweza kutumia: mtu akipungua asilimia 5 ya uzito wake ndani ya miezi sita hadi kumi na miwili bila kukusudia, yaani kilo 3 kwa mwenye kilo 60, anahitaji kupimwa, awe anavuta au havuti.